Pilipili Iliongeza au Pilipili Huongeza? Ushahidi wa Sayansi na Dhima ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walinena kwamba pilipili usiyoila yakuwashiani. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkanya mtu anayejitia katika mambo yasiyomhusu. Hata hivyo, ipo pilipili moja ambayo haina budi kumwasha kila msomi wa Kiswahili hata kama hajaionja. Hiyo ni pilipili iliyokaushwa, ikasagwa, ikatiwa ndani ya vidonge na kuuzwa kwa madai kwamba humwongezea mtumiaji nguvu za mazoezi, humpunguzia uchovu na kuyayeyusha mafuta ya mwili. Madai yenyewe huandamana na fungu moja la maneno: "imethibitishwa kisayansi". Makala haya yanakusudia kulipima fungu hilo kwa mizani mbili. Ya kwanza ni mizani ya sayansi yenyewe. Ya pili ni mizani ya sarufi ya Kiswahili. Itabainika kwamba mizani hizo mbili zinatoa uzito uleule.

Mtaa wa Makongeni mjini Thika ni mahali pafaapo kuanzia. Sokoni, pilipili kali huuzwa kwa mafungu kando ya nyanya na vitunguu, na hakuna kachumbari ya nyama choma inayokamilika bila kuonja ukali wake. Katika mtaa huohuo, kama ilivyo katika mitaa mingi ya Kenya, wapo vijana wanaoinua vyuma, na vyuma visipopatikana huinua makopo yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba. Wapo pia wanaoamka alfajiri kukimbia kabla ya magari kujaa katika barabara ya Garissa. Vijana hao wana simu mikononi, na kupitia simu hizo matangazo ya viongezanguvu huwafikia kutoka kila pembe ya dunia. Fedha zao ni haba, hamu yao ya kufaulu ni kubwa, na maelezo ya kwenye kopo yameandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Je, kijana wa aina hiyo akitaka kujua kama pilipili ya kidonge inastahili fedha zake, atamwuliza nani, na kwa lugha gani?

Yafaa kwanza kueleza kinachosemwa kuwa kimo ndani ya kidonge. Ukali wa pilipili hutokana na kemikali iitwayo kapsaisini. Kemikali hiyo haichomi kama moto uchomavyo, bali huidanganya neva. Katika ncha za neva za mdomo, ngozi na tumbo mna vipokezi vinavyoamshwa na joto linalopita takriban nyuzi 43 za Selsiasi. Kapsaisini huvifungua vipokezi hivyohivyo, na ubongo ukapokea habari ya moto ilhali hapana moto. Kipokezi hicho kilitambuliwa mwaka 1997 na kundi la watafiti lililoongozwa na David Julius wa Marekani, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Kuna pia jamaa za kapsaisini ziitwazo kapsinoidi, zinazopatikana katika aina fulani za pilipili zisizo kali, ambazo nazo huuzwa kwa wafanya mazoezi wasiopenda kuwashwa.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kutega sikio, kwa kuwa neno "pilipili" limebeba vitu visivyofanana. Pilipili manga ni tunda la mmea mwingine kabisa wenye asili ya India, na ukali wake hutokana na kemikali nyingine iitwayo piperini. Pilipili hoho, ambayo katika kamusi za zamani ilikuwa ndiyo hiyo nyekundu kali, katika masoko mengi ya leo ni lile tunda kubwa la kupikia ambalo karibu halina kapsaisini. Pilipili kali, ndogo na nyembamba, ndiyo yenye kemikali inayozungumziwa. Mfasiri atakayeandika "dondoo la pilipili" kwenye kopo bila kubainisha ni pilipili ipi atakuwa amemwacha mnunuzi gizani kabla hata ya kufikia suala la ushahidi.

Ushahidi wenyewe ukoje? Mwaka 2012 ilichapishwa taarifa ya jaribio lililofanywa Marekani kwa wanamichezo 19. Kila mmoja alimeza kwa siku 7 vidonge vya unga wa pilipili vyenye jumla ya miligramu 25.8 za kapsaisini kwa siku, na katika kipindi kingine akameza vidonge bandia visivyo na pilipili. Walipopimwa kwa mbio fupi za kurudiarudia, kasi yao haikuongezeka. Kilichoongezeka ni malalamiko ya tumbo. Mwaka 2018 watafiti wa Brazili walitoa matokeo yenye matumaini zaidi. Wanaume 10 waliozoea kuinua vyuma walimeza miligramu 12 za kapsaisini kabla ya zoezi la kuchuchumaa na kuinuka wakiwa na uzito mabegani. Siku waliyomeza kapsaisini waliinua jumla kubwa zaidi ya uzito kuliko siku ya kidonge bandia, na wakalihisi zoezi kuwa jepesi kidogo. Katika jaribio jingine la watafiti haohao, watu wazima 10 walikimbia mita 1,500. Kwa wastani walitumia sekunde 371.6 walipomeza kapsaisini, na sekunde 376.7 walipomeza kidonge bandia. Tofauti ni sekunde 5 hivi.

Tafiti nyingine zimefuata, baadhi zikiona faida na baadhi zisiione. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022, ambao ulikusanya matokeo ya majaribio kadhaa na kuyapima kwa pamoja, ulionyesha kwamba faida ipo kwa upande wa kurudia zoezi la misuli mara nyingi, nayo ni ndogo. Kwa upande wa mbio na mazoezi ya pumzi ndefu, faida haikudhihirika. Hiyo ndiyo hali ya ushahidi. Si bure, wala si hoja ya kumfanya mtu afungue mkoba wake mbiombio.

Kwa nini mtu asiridhike na majaribio mawili matatu yaliyofaulu? Sababu ni tatu. Kwanza, idadi ya washiriki ni ndogo mno. Watu 10 hawatoshi kuwa kioo cha mamilioni. Mmoja wao akiwa amelala vyema usiku uliotangulia, wastani wote huyumba. Pili, washiriki wengi walikuwa wanaume vijana, hivi kwamba msichana au mzee anayesoma matokeo hayo anasoma habari za watu wengine. Tatu, na hii ndiyo sababu nzito zaidi, pilipili haifichiki. Jaribio la haki humtaka mshiriki asijue amemeza nini, maana matumaini peke yake yanaweza kumwongezea mtu bidii. Lakini kidonge cha pilipili kikishafika tumboni, huenda mwenyewe akahisi joto na kujua kwamba leo ndiyo siku ya dawa. Tangu hapo ni vigumu kutenganisha kazi ya pilipili na kazi ya imani.

Sasa mizani ya pili. Watafiti waliandika, kwa maana, kwamba kapsaisini iliongeza jumla ya uzito ulioinuliwa na watu 10 katika maabara fulani mwaka fulani. Hiyo ni sentensi ya kiambishi -li-: tukio lilitendeka, likapimwa, likaisha. Muuzaji anaichukua sentensi hiyo na kuandika kwamba pilipili huongeza nguvu. Hiyo ni sentensi ya kiambishi hu-, ambacho hakifungwi na wakati wala mahali, nacho hutumika kwa mambo ya desturi na ya kweli siku zote: jua huchomoza mashariki, maji huteremka bondeni. Kati ya "iliongeza" na "huongeza" pana safari ndefu ya kurudia majaribio, kuongeza washiriki, kubadilisha mazingira na kushindwa kuyapinga matokeo. Muuzaji ameiruka safari hiyo kwa kubadilisha kiambishi kimoja, na hajasema uongo ambao ni rahisi kuukamata. Kiswahili kina njia nyingi za kuonyesha kiwango cha uhakika: "huenda", "yamkini", "imeonekana", "inadhaniwa", "imethibitika". Neno la mwisho katika orodha hiyo ndilo ghali kuliko yote, na ndilo linalogawiwa bure katika matangazo.

Pana watakaopinga wakisema kwamba hata sekunde 5 ni nyingi. Katika fainali ya wanawake ya mita 1,500 mjini Paris mwaka 2024, ambayo Faith Kipyegon aliishinda kwa dakika 3 na sekunde 51.29, nishani ya fedha na ile ya shaba zilitenganishwa na sehemu 5 za mia za sekunde. Je, nani angeidharau pilipili inayompa mkimbiaji sekunde 5 nzima? Hoja hii inavutia, lakini imejengwa juu ya mchanga. Washiriki wa lile jaribio walitumia zaidi ya dakika 6 kwa umbali uleule, na tofauti kati ya mmoja na mwingine ilikuwa ya makumi ya sekunde. Hao walikuwa watu wa kawaida wenye afya. Kupunguza sekunde 5 katika mwendo wa dakika 6 si sawa na kuzipunguza katika mwendo wa dakika 4 ambao mwili umekwisha kunolewa kwa miaka mingi. Kulihamisha tokeo la kundi moja na kulivisha kundi jingine ni kosa lilelile la kiambishi, isipokuwa safari hii limevaa viatu vya mbio.

Wengine watauliza: kuna ubaya gani, ikiwa pilipili ni chakula? Ni kweli kwamba pilipili ya kachumbari haihitaji kuogopwa na mtu mwenye tumbo zima. Tena hesabu nyepesi inaonyesha kwamba unga uliotumika katika jaribio la mwaka 2012 ulikuwa na miligramu 8.6 za kapsaisini katika kila gramu, kwa hiyo miligramu 12 zingepatikana katika gramu moja na nusu hivi, kiasi kisichojaza kijiko cha chai. Ukali hutofautiana kwa mbegu, udongo, jua na maji, lakini hesabu hiyo inatosha kumfanya mtu ajiulize analipia nini hasa anaponunua kopo. Kidonge, kwa upande wake, humpokonya mlaji mlinzi wake wa asili, yaani ulimi, ambao humwambia "basi" kabla hajazidisha. Mwaka 2012 madaktari wa Uturuki waliripoti habari za kijana wa miaka 25 aliyepata mshtuko wa moyo baada ya kutumia vidonge vya pilipili kwa ajili ya kupunguza uzito. Kisa kimoja si uthibitisho, na msomaji anayetaka haki hana budi kukipima kwa mizani ileile: kijana huyo aliugua, haijasemwa kwamba pilipili huua. Hata hivyo, ni sababu tosha ya kutahadhari.

Kuna na suala la kanuni za michezo. Kapsaisini haimo katika orodha ya dawa zilizokatazwa kwa wanamichezo binadamu. Kwa farasi mambo ni tofauti. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2008, farasi wanne wa mashindano ya kuruka viunzi walipatikana na kapsaisini, na Norwe ikapokonywa nishani yake ya shaba ya timu. Kemikali hiyo imekatazwa kwa farasi kwa sababu inaweza kuificha maumivu ya mguu, na pia inaweza kuufanya mguu uwashe ili mnyama aogope kugusa kiunzi. Ni ajabu kwamba kitu kinachohesabiwa kuwa udanganyifu kwa farasi kinauzwa kama fadhila kwa mwanadamu. Lakini hatari kubwa zaidi kwa mkimbiaji wa Kenya si kapsaisini yenyewe. Ni kile kisichoandikwa kwenye kopo. Vidonge vya viongezanguvu vimewahi kukutwa na dawa zilizokatazwa ambazo hazikutajwa, na kanuni humhesabia mwanamichezo kila kilichomo mwilini mwake, awe alijua au hakujua. Kenya ilitunga Sheria ya Kupambana na Matumizi ya Dawa Haramu Michezoni mwaka 2016 baada ya wanariadha wake wengi kufungiwa. Kumeza kopo lisiloeleweka kwa ajili ya faida ndogo isiyo na uhakika ni kucheza kamari na riziki.

Ajabu nyingine ni kwamba ushahidi ulio imara zaidi umelala karibu na nyumbani. Mwaka 2018 wataalamu walioitwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walitoa taarifa ya pamoja kuhusu viongezanguvu. Vitu vilivyohesabiwa kuwa na ushahidi mzuri wa kuinua moja kwa moja uwezo wa mwanamichezo vilikuwa vitano tu: kafeini, kreatini, naitreti, beta-alanini na bikaboneti ya sodiamu. Pilipili haikuwamo. Kafeini ndiyo ile ya kahawa, na kahawa ndiyo iliyoijenga sehemu kubwa ya uchumi wa Thika na Ruiru. Ruiru ndiko kuliko na taasisi ya utafiti wa kahawa, iliyoipa dunia aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11 mwaka 1985. Kijana wa Makongeni anayeagiza pilipili ya mbali ili apate nguvu anazipita njiani, kila aendapo Nairobi, hektari za mmea wenye hoja nzito zaidi. Hata hiyo kahawa ina kipimo chake na madhara yake, wala haigeuzi mwili usiofanya mazoezi kuwa wa bingwa.

Karibu zaidi ni mfano wa chakula cha kawaida. Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, akishirikiana na wenzake, alichapisha mwaka 2004 matokeo ya kuchunguza kwa siku 7 chakula cha wakimbiaji 10 wa Kenya wa daraja la juu. Wanga ulikuwa asilimia 76.5 ya nishati yao, na ugali ulikuwa nguzo ya mlo. Utafiti huo nao ulihusu watu 10, kwa hiyo haufai kugeuzwa kuwa hu-. Lakini unaonyesha kwamba mabingwa hao walikuwa wakila, wakati ule, vitu vinavyouzwa katika soko la Makongeni kwa bei ya mwananchi.

Maadamu hali ni hiyo, dhima ya mwanafunzi wa Kiswahili ni ipi? Pana wasemao kwamba mambo ya kemikali na misuli yaachiwe idara za sayansi, na idara ya Kiswahili ibaki na riwaya na ngeli. Msimamo huo ni dhaifu. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ibara ya 46 inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Ibara hizo mbili zikisomwa pamoja, ni vigumu kuona haki hiyo ikitimia kwa mtu anayepewa maelezo katika lugha ya kitaalamu asiyoimudu. Nani atakayeyaandika maelezo hayo kwa Kiswahili? Ni mhitimu wa Kiswahili: yeye ndiye atakayekuwa mfasiri wa lebo, mtangazaji wa redio, mwalimu wa shule ya upili, mhariri wa gazeti. Asipojifunza tofauti ya jaribio moja na ukweli wa kudumu, atakuwa mpiga zumari wa kila mwuza vidonge.

Kazi hiyo inaweza kuanza bila kungoja bajeti. Vyuo vitatu vimejipanga kandokando ya barabara ya Thika: Chuo Kikuu cha Kenyatta, kile cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, na Chuo Kikuu cha Mount Kenya mjini Thika. Mwanafunzi wa Kiswahili na mwenzake wa lishe wakiketi pamoja alasiri moja, wanaweza kuutafsiri muhtasari wa utafiti mmoja kwa Kiswahili kinachosomeka, wakataja idadi ya washiriki, kipimo kilichotumika na kiasi cha faida, na wakakilinda kiambishi -li- pale kinapostahili. Wahadhiri wa isimu nao wanaweza kuyatumia matangazo ya viongezanguvu kama matini za kuchanganua darasani, badala ya kurudia kila mwaka sentensi za Juma na mpira wake. Istilahi kama "kidonge bandia", "kundi linganishi" na "ukubwa wa faida" zitakomaa kwa kutumiwa, si kwa kuhifadhiwa katika orodha.

Asitokee wa kusema kwamba Kiswahili hakiwezi kuibeba taaluma ya ugenini. Pilipili kali yenyewe ni mgeni. Asili yake ni bara la Amerika, nayo iliingia Afrika baada ya safari za Wazungu za mwishoni mwa karne ya 15. Kiswahili kiliipokea, kikaipa jina, kikaitungia methali, na leo hakuna anayekumbuka kwamba ilitoka ng'ambo. Elimu kuhusu pilipili nayo yaweza kupokewa vivyo hivyo. Wakati huo, kijana wa Makongeni atakapoambiwa kwamba pilipili huongeza nguvu, ataweza kuuliza kwa lugha yake mwenyewe: iliongeza kwa nani, lini, na kwa kiasi gani? Akishajibiwa, kama bado anataka kununua, na anunue. Fedha ni zake, na atakuwa amezitoa macho yakiwa wazi.